Hapana Bibi, mimi sisafiri: kazi ya chanjo nikiwa bado mwanafunzi wa udaktari

Mdogo wangu,

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti mara mbili. Unataka kujua kama ni kweli nimepata kazi ya "udaktari wa safari" huku Uholanzi kabla sijamaliza chuo, na kama na wewe, mwaka wa nne wa udaktari, unaweza kuja ukaomba kazi kama hiyo. Bibi naye kanipigia jana kuuliza lini nitapita nyumbani, maana kasikia siku hizi kazi yangu ni ya kusafiri. Nawajibu wote hapa. Kinachomhusu Bibi msomee.

Sisafiri popote. Wanaosafiri ni wale wanaokaa mbele yangu. Mimi nashinda kwenye chumba kidogo chenye meza, kompyuta, friji ya chanjo ambayo lazima ibaki kati ya nyuzi 2 na 8, na boksi la njano la kutupia sindano. Kila baada ya dakika 20 anaingia mtu mwingine. Namuuliza anakwenda wapi, kwa siku ngapi, atalala wapi, ana ugonjwa gani, anatumia dawa gani, kama ana mimba. Nafungua miongozo ya LCR, kituo cha taifa kinachoratibu ushauri kwa wasafiri, naandika mpango, nachanja, najaza kijitabu cha njano cha kumbukumbu za chanjo. Zamu ni za jioni mbili kwa wiki na Jumamosi, na kabla ya likizo za kiangazi hata muda wa kunywa maji haupatikani. Mkataba wangu ni wa kuitwa kazi inapokuwepo. Mwezi mwingine naitwa mara kumi, mwingine mara tatu. Kwa hiyo naomba pale nyumbani asinihesabie mtu mshahara wa daktari. Sina.

Na kisheria mimi si daktari, hili naomba ulishike. Huku kuchoma sindano ni kazi iliyowekewa mipaka na sheria inayoitwa Wet BIG. Mwanafunzi anachoma kwa maagizo ya daktari, tena baada ya kuthibitishwa kwamba anaiweza kazi hiyo. Jina la daktari wangu liko nyuma ya kila sindano ninayochoma. Sikulielewa hilo nilipoanza kuomba kazi, na ndiyo maana nilipigwa chini mara mbili.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa imejaa alama. Mtihani huu nimepata ngapi, ule ngapi, nimekuwa wa ngapi. Kliniki ya kwanza haikujibu kabisa, ya pili ilinijibu kwa mistari miwili. Rafiki yangu wa darasani aliisoma akaniambia, "Umeandika jinsi ulivyo na akili. Hujaandika kama unaweza kuongea na watu." Iliniuma, lakini nilikaa chini nikaiandika upya. Nikaeleza miaka miwili ya kuogesha na kulisha wazee kwenye nyumba ya wazee, Kiholanzi nilichojifunza tangu nilipokuja kumfuata mama nikiwa na miaka 16, na sababu hasa ya mimi, mtoto niliyekua chini ya chandarua, kutaka kukaa na watu wanaokwenda kwenye malaria. Alama nilizibakizia mstari mmoja. Kliniki ya tatu ikaniita.

Usaili wenyewe nausimulia taratibu, maana humo ndimo lilimo jibu lako. Daktari mkuu wa kliniki, mama wa makamo, aliweka kalamu juu ya karatasi akasema: "Mwanamke wa miaka 34 anakwenda Kenya wiki mbili, halafu Zanzibar wiki moja. Ana ugonjwa wa Crohn wa utumbo, anajidunga adalimumabu. Utamchanja nini?"

Wewe unajua tulivyolelewa darasani. Anayenyoosha mkono kwanza ndiye mwenye akili, na kusema "sijui" mbele ya mwalimu ni aibu. Nikaanza kumwaga. Homa ya manjano, kwa sababu Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari hiyo, na Tanzania inadai cheti kwa anayetoka nchi ya namna hiyo. Cheti kinaanza kutumika siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote. Homa ya ini aina ya A. Dondakoo, pepopunda na polio. Yote sahihi. Nikiwa katikati ya sentensi ndipo ikanijia: chanjo ya homa ya manjano ni kirusi hai kilichodhoofishwa, na dawa anayojidunga mama huyu inashusha kinga yake. Nilitaka kuendelea ili nisionekane nimeteleza. Nikanyamaza, nikasema, "Samahani, nimekosea. Hii simchanji. Namwomba asubiri nje, nampigia daktari."

Hakuniambia kitu, akapita swali la pili. Wiki mbili baada ya kuanza kazi ndipo aliponieleza kwamba waombaji kadhaa walimaliza ule mpango wote kwa kujiamini kabisa, na hakumchukua hata mmoja wao. Hakuwa anatafuta anayejua dawa zote, maana miongozo ipo kwenye kompyuta. Alikuwa anatafuta mtu atakayesimama kabla mkono haujafika begani mwa mgonjwa. Mimi nusura nipitilize bila kusimama. Naliwaza hilo kila ninapofungua friji.

Kuna siku moja ambayo kwangu inafidia Jumamosi zote. Aliingia baba mmoja wa kwetu na watoto wawili waliozaliwa huku, wanakwenda Mwanza kwa mwezi mzima. Aliposikia namsalimia kwa Kiswahili alicheka, akaegemea kiti. Chanjo za watoto alizikubali. Vidonge vya malaria akavikataa: "Dada, mimi nimekulia kule. Malaria tumeizoea." Mwenzangu Mholanzi angemsomea mwongozo, naye angeitikia tu kwa adabu. Mimi nilimuuliza amekaa huku miaka mingapi. Kumi na minne. Nikamwambia, kaka, kinga ile tuliipata kwa kuumwa kila mwaka, na ukikaa mbali nayo inapungua. Hawa watoto hawajawahi kuwa nayo hata siku moja. Kwa mbu wa Mwanza wao ni wageni sawa na Mholanzi yeyote. Akawatazama wanawe kwa muda. Tatizo lake jingine lilikuwa pesa, kwa sababu bima ya msingi ya huku kwa kawaida hailipii chanjo na dawa za safari, na yeye alikuwa analipia watu watatu. Tulikaa tukapiga hesabu pamoja: dawa ipi inaanzwa siku moja au mbili kabla na kumalizwa siku 7 baada ya kurudi, ipi inamezwa mpaka wiki 4 baada ya kurudi, ipi inamfaa mtoto na ipi haimfai. Daktari akaandika. Mlangoni nilimrudia tena: mtoto akipata homa hata miezi 3 baada ya kurudi, nenda hospitali siku hiyohiyo, na useme mlikuwa Afrika. Usingoje wakuulize.

Sasa swali lako la pili. Mimi nilikuja kama mtoto wa familia, kibali changu kinaniruhusu kufanya kazi. Wewe ukija kama mwanafunzi kutoka nje ya Ulaya, huruhusiwi mpaka mwajiri akuombee kibali kinachoitwa TWV, na ukikipata mwisho ni saa 16 kwa wiki, au muda wote kwa miezi ya Juni, Julai na Agosti. Waajiri wengi wakisikia kuombea kibali wanachukua mwingine. Ukianza kazi, unalazimika kukata bima ya afya ya Kiholanzi. Na Kiingereza chako, hata kiwe kizuri vipi, hakitoshi. Mgonjwa atakuuliza madhara ya sindano kwa Kiholanzi, huku mtoto analia.

Kwa hiyo nakuomba usiache chuo ulicho nacho kwa ajili ya kazi hii. Maliza, fanya intanshipu yako, uone malaria kali kwa macho yako wodini. Huko unajifunza kitu ambacho wenzangu wengi hapa wanakisoma kwenye kitabu tu. Ukitaka bado kuja baada ya hapo, anza Kiholanzi leo, nami nitakuwa nakusahihishia kila Jumapili.

Na Bibi mwambie nauli ya Desemba nimeshaanza kuiweka. Akiniona nameza vidonge vya malaria kila asubuhi mezani kwake asidhani nimeanza kuwa mgeni wa nyumba yake. Nitamweleza mwenyewe nikifika.