Mshauri wa ndoa anasaidia kweli?
Dada, umeuliza kama kwenda na bwana kwa mshauri wa ndoa kunasaidia, ama ni kumaliza franka bure. Kunasaidia, ila si wote. Kule Marekani watafiti walifuata wanandoa 134 waliokuwa na ugomvi mzito: miaka 5 baada ya tiba, karibu nusu walikuwa na nafuu ya kweli, na zaidi ya robo walikuwa wameachana.

Sisi hapa Bukavu tulianza na wajomba. Walikula, wakahukumu, wakapanda kwao Kadutu. Mshauri hakuhukumu, alimwambia bwana arudilie maneno yangu kabla ya kunijibu. Alishindwa mara tatu, tukacheka (mwaka mzima hatukuwa tumecheka).

Lakini kama anakupiga, usiende naye. Utakayosema mule ndani unaweza kuyalipia nyumbani.