Umeangalia somo la mwenzako, sasa unamwambiaje?

Pole mwalimu, hiyo kazi tamu na chungu. Umesema mkuu kakupanga ukae darasani kwa mwalimu aliyekuzidi umri, hesabu za sehemu darasa la tano, na sasa unaogopa ukimpa mrejesho atanuna. Kwanza usimwambie kwenye chumba cha walimu mbele za watu wakati wa chai ya saa nne, aisee hapo hata ukiongea kama malaika atasikia umemuumbua. Mtafute pembeni siku hiyohiyo, msalimie vizuri, halafu mwache aanze yeye: "Shikamoo mwalimu, wewe mwenyewe umelionaje somo?" Mara nyingi atataja lilelile ulilotaka kusema.

Halafu achana na maneno ya jumla kama "ushirikishwaji ulikuwa mdogo", hayo ni ya kujazia fomu tu. Mwambie ulichokiona kwa macho. Unasema mtoto alijibu 1/2 + 1/3 ni 2/5, mwalimu akafuta akaandika 5/6 akaendelea. Basi muulize, "yule mtoto unadhani aliipataje 2/5?" Mtagundua pamoja kwamba alijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, na nusu ya darasa huenda wanafanya hivyohivyo, ila wako kimya.

Zuri alilofanya litaje, ila la kweli, sio "hongera kwa kuvaa nadhifu" 😂. Chagueni jambo moja tu la kurekebisha, mengine yaache kwanza, kisha mwalike na yeye aje kukaa nyuma kwenye kipindi chako wiki ijayo.