Miguu inayojaa jioni: maswali yenu kuhusu mazoezi ya vifundo

Naanza na swali lisiloweza kusubiri.

Mume wangu alipasuliwa nyonga wiki mbili zilizopita. Tangu juzi mguu mmoja umevimba, una joto na kigimbi kinamuuma. Nimchue kwa mafuta au nimfanyishe mazoezi? (Mama, Tanga)

Usimchue, mama, na mazoezi yasubiri. Mpeleke hospitali leo. Mguu mmoja ukivimba ghafla namna hiyo, hasa baada ya upasuaji, huenda damu imeganda kwenye mshipa wa ndani. Bonge hilo likikatika husafiri hadi kwenye mapafu na linaweza kuua. Akianza kuhema kwa shida, kifua kumchoma au kukohoa damu, msingoje kupambazuke. Mguu hupimwa kwa ultrasaundi, kipimo kisicho na sindano, na dawa za kuzuia damu kuganda zipo.

Cherehani yangu ilikuwa ya kukanyaga na sikuwahi kusumbuliwa. Tangu niweke mota, miguu yote miwili inajaa ikifika jioni, soksi zinaacha alama. Ni uzee? (Fundi, Morogoro)

Umri unaweza kuchangia, lakini jambo kubwa umeshalitaja mwenyewe. Moyo huisukuma damu mpaka miguuni. Kupanda tena inahitaji msaada, na msaada huo hutoka kwenye vigimbi. Kigimbi kikijikaza huikamua mishipa iliyo ndani yake, damu ikapanda. Ndani ya mishipa hiyo kuna vali ndogo zinazofunguka kuelekea juu tu, hivyo msuli ukilegea damu haiporomoki. Kanyagio lilikuwa likikufanyisha zoezi hilo kutwa nzima.

Huna haja ya kuing'oa mota. Kila baada ya nusu saa, hapo hapo ulipokaa, bandika visigino chini na uinue vidole kadiri uwezavyo, kisha bandika vidole na uinue visigino. Fanya mara 20, taratibu, mpaka uhisi kigimbi kinakaza. Kuchezesha vidole peke yake hakutoshi. Kuzungusha kifundo nako ni kuzuri, ila hulegeza kiungo zaidi kuliko kusukuma damu, kwa hiyo wateja wakikubana acha hilo kwanza. Ukisimama kupiga pasi, shika ukingo wa meza, panda juu ya vidole, shuka polepole, mara 10 hadi 15. Hili nalipenda kuliko yote kwa sababu kigimbi kinabeba uzito wa mwili mzima. Usiku lala chali, miguu juu ya mito, uendelee kukunja na kunyoosha vifundo.

Kama unameza amlodipini kwa ajili ya presha, mwambie daktari wako: dawa hiyo huvimbisha vifundo kwa baadhi ya watu. Usiiache kwa uamuzi wako. Na ukiona unakosa pumzi unapolala, au uso umevimba asubuhi, upimwe moyo na figo.

Nasafiri kwa basi Dar hadi Mwanza mara kwa mara. Nifanyeje? Nimeze aspirini? (Mfanyabiashara)

Aspirini usijianzishie, inaweza kukuvujisha damu tumboni. Utafiti uliotangazwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 ulionyesha kwamba safari ya kukaa saa 4 au zaidi huongeza hatari ya damu kuganda takribani mara mbili, iwe ndege, treni, basi au gari. Kwa mtu mzima wa afya hatari hiyo bado ni ndogo, lakini Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,000. Usijaze mizigo chini ya miguu. Vifundo vinahitaji nafasi. Kila saa piga visigino na vidole kama nilivyomweleza fundi. Basi likisimama, shuka hata kama hununui kitu. Kunywa maji pia. Najua wengi mnajinyima kwa kuogopa kumsumbua dereva, ila mwili usiokunywa unajiumiza.

Shikamoo. Nina mimba ya miezi saba na miguu imejaa. Mazoezi haya yatamdhuru mtoto? (Dada, Mombasa)

Marahaba, mwanangu. Hayamdhuru. Fanya ukiwa umekaa, na ukilala ulalie ubavu, ikiwezekana wa kushoto, ili tumbo lisikandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Lakini kichwa kikikuuma sana, ukiona maluweluwe, au uso na mikono ikivimba ghafla, nenda kliniki siku hiyo hiyo ukapimwe presha na mkojo. Hizo ni dalili za hatari ya kifafa cha mimba.

Nina kisukari na nyayo zina ganzi. Naweza kufanya? (Mzee, Kigoma)

Unaweza, mzee wangu, ila ukiwa umekaa kitini, maana kusimama kwa vidole huku huhisi sakafu kunaangusha watu. Kabla ya kuanza, kagua nyayo na katikati ya vidole, au mwombe mjukuu akutazamie. Ukikuta kidonda, usiukanyagie mguu huo. Nenda kituo cha afya. Na kama vigimbi hubana ukitembea kisha hupoa ukisimama, huenda mishipa inayopeleka damu miguuni imekuwa myembamba. Mwombe daktari akupapase mapigo ya damu kwenye nyayo zote mbili.