Kabla hujanunua karatasi ya ubingwa wa zamani wa besiboli

Tangu nihamie Boston nimekuwa nikikusanya karatasi za besiboli, na mgeni wa shughuli hii huuliza kwanza kombe liko wapi. Miaka ile kombe halikuwepo. World Series ya kwanza, yaani fainali ya ubingwa wa besiboli Marekani, ilichezwa Oktoba 1903, Boston ikaishinda Pittsburgh mechi 5 kwa 3, na hakuna aliyeinua chochote. Pete za ubingwa zilianza mwaka 1922, kombe likaja 1967. Wachezaji waligawana mapato ya mlangoni, na walioshindwa ndio waliopata zaidi: dola 1,316 kila mmoja, mabingwa 1,182, kwa kuwa Barney Dreyfuss, mwenye timu ya Pittsburgh, aliwaachia vijana wake fungu lake.

Kwa hiyo ushahidi wa ubingwa ule ni picha, tiketi na vijitabu vya mechi ambavyo mashabiki walinunua uwanjani, wakajaza matokeo kwa penseli, na wengi wakavitupa.

Penseli hiyo usiiguse. Wapo wanaoifuta ili kijitabu kionekane kipya, na inaniuma kila ninapokiona kilichofanyiwa hivyo. Tarehe 13 Oktoba, mechi ya mwisho, Bill Dinneen, mrushaji wa Boston, alimkosesha Honus Wagner, mpigaji wa Pittsburgh, mpira wa tatu, Boston wakashinda 3–0. Kijitabu kilichojazwa siku hiyo kinatakiwa kionyeshe hilo kwenye mstari wa Wagner, zamu ya 9, pengine kwa herufi K, alama ya mpigaji aliyekosa mara tatu, iliyoandikwa haraka. Chukua gazeti la kesho yake, linganisha kisanduku kwa kisanduku. Uwanja wenyewe wa Huntington Avenue ulishabomolewa. Mkono wa shabiki yule bado upo.

Halafu nenda na kioo cha kukuza. Angalia herufi zilizochapwa, siyo picha, maana picha za wakati ule nazo zilichapwa kwa vitone. Herufi za asili zina wino uliojaa, na mara nyingine ukipapasa unahisi zilivyobonyea kwenye karatasi. Ukiona herufi imeundwa na vitone, hiyo ni nakala. Taa ya urujuanimno nayo husaidia: karatasi nyingi za baada ya miaka ya 1940 hung'aa samawati.

Bei iache mwisho. Uliza kwanza ilitoka kwa nani. Kadi ya picha ya timu ya Brooklyn Atlantics, mabingwa wa 1865, ilipatikana ndani ya albamu iliyouzwa na vikorokoro vya nyumbani huko Maine, na mwaka 2013 ikapigwa mnada kwa dola 92,000. Hadithi ya namna hiyo inafuatilika. Muuzaji anayejibu “ni ya familia” kisha akanyamaza, mwache. Mkusanyo wa besiboli wa Albert Spalding, mchezaji wa zamani aliyekuja kuuza vifaa vya michezo, uliokabidhiwa maktaba ya umma ya New York mwaka 1921, uliibiwa vitu vingi, na baadhi yake vimewahi kuonekana sokoni. Muhuri wa maktaba uliokwanguliwa ni sababu tosha ya kuondoka.

Ukishanunua, usitie gundi wala selotepu, na usipeleke kupigwa laminesheni. Weka kwenye bahasha ya plastiki ya poliesta, mbali na dirisha. Kama hapo kwako hapana mrithi anayejali, jumba la makumbusho ya besiboli la Cooperstown halinunui vitu, bali hupokea zawadi. Waandikie ukiwa hai, ueleze mwenyewe karatasi hiyo ilivyokufikia.