Kumkumbuka Mtakatifu Fransisko Ksaveri tarehe 3 Desemba

Ndugu yangu, salamu. Umeuliza ni jambo gani la maisha ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri linalofaa kukumbukwa zaidi siku ya sikukuu yake, kwa kuwa jumuiya yenu imepewa jina lake. Kwa maoni yangu, anzeni na kifo chake.

Mjesuiti huyo, yaani mtawa wa Shirika la Yesu, alifariki tarehe 3 Desemba 1552 katika kisiwa cha Shangchuan, akiwa na umri wa miaka 46, ndani ya kibanda kilichopitisha baridi, huku bara la China alilotamani sana kulifikia likiwa ng'ambo ya maji. Hakuwapo padre wa kumpa sakramenti. Aliyemuuguza hadi mwisho ni kijana Mchina aitwaye Antonio. Alizikwa na watu wachache tu, jeneza likajazwa chokaa.

Na hivyo ndivyo alivyoishi. Ingawa alikuwa balozi wa Papa, alipoondoka Lisbon, Ureno, mwaka 1541 kwenda India alikataa kupewa mtumishi, akawahudumia wagonjwa melini kwa mikono yake mwenyewe. Huko Goa, India, alipita mitaani akipiga kengele, akiwaita watoto na watumwa waje kufundishwa dini. Sisi wa pwani tuna sababu ya ziada ya kumkumbuka, maana mwaka 1542 meli yake ilitia nanga Malindi, naye akazungumza kuhusu ibada na mzee mmoja Mwislamu wa mji huo.

Kwa hiyo, badala ya karamu, ningewasihi mwende kuwaosha na kuwalisha wagonjwa wasio na ndugu.