Muulize Fundi: Mwalimu, usiiuze hiyo Phoenix

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezaliwa na kukulia Kahama. Kwetu baiskeli ndiyo miguu. Phoenix ya baba nimeiendesha tangu nikiwa darasa la nne. Mwaka huu nimehamishiwa Soni, nikaja nayo juu ya basi. Huku imenishinda. Kutoka ninapolala hadi shuleni ni kilomita nne, karibu zote za kupanda. Nafika shati limelowa, magoti yananiuma mbele kwenye pia. Walimu wenzangu wanasema niiuze, ninunue ya gia. Vijana wa hapa wanasema nishike lori kwa nyuma linivute. Nifanyeje?
Mwalimu mgeni, Soni

JIBU: Marahaba Mwalimu, na karibu sana milima ya Usambara.

Usiiuze. Baiskeli hiyo haina ubaya wowote, ila bado imevaa nguo za tambarare ya Kahama. Kabla hujala chakula cha jioni leo, iegemeze ukutani uhesabu meno. Nyingi zinazoletwa kwangu zina meno 48 mbele na 20 kwenye friwili, ile gia ya gurudumu la nyuma. Maana yake, pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu lako la inchi 28 linakusogeza kama mita tano na robo. Kwenye tambarare hiyo ni raha tupu. Kwenye kilima mwendo ukishuka hadi kilomita 6 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, miguu inazungusha pedeli mara 19 tu kwa dakika. Hapo huzungushi tena, unapanda ngazi, na kila ngazi goti moja linabeba mwili wako wote pamoja na madaftari ya darasa zima. Ndiyo maana linauma.

Tafuta friwili ya meno 22. Kwa kila kilo 11 za nguvu ulizokuwa unakanyaga, sasa utakanyaga kama 10. Utaona ni kidogo, lakini kwa kilomita nne za kupanda, kila siku ya shule, goti litaijua tofauti. Mnyororo huenda usihitaji hata kuongezwa: fundi akilegeza nati za nyuma akasogeza gurudumu mbele kama milimita sita, unatosha. Ukibahatika kupata ya meno 24, hapo ataongeza kipande cha inchi moja. Tambarare utakwenda polepole kuliko zamani, lakini niambie, Soni tambarare iko wapi?

Halafu siti. Nakisia umeishusha ili miguu yote miwili ifike chini, kama wanavyopenda wengi. Ipandishe. Kaa, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka. Ukianza kuendesha kwa kukanyagia sehemu ya mbele ya mguu, goti litabaki na mkunjo mdogo tu. Siti ya chini na gia nzito vikikutana ndio huzaa hayo maumivu ya pia. Tairi nazo zijaze upepo hadi kidole gumba kishindwe kuzibonyeza.

Kilima ukikiona mbele, kipokee. Ongeza mwendo kabla hakijaanza, si baada ya kuanza. Ukilazimika kusimama kwenye pedeli, vuta usukani upande ule ule wa mguu unaokanyaga. Na usikilize. Ukisikia "ka, ka" mara moja kwa kila mzunguko, simama: kotapini inayoshika mkono wa pedeli imelegea, na kusimama kwenye vilima ndiko kunakoilegeza. Fundi aigonge huku ameweka chuma kizito chini ya mkono wa pedeli, kisha akaze nati. Ukiendelea nayo hivyo wiki moja tu itakula tundu lake, na hapo utanunua mkono mzima.

Sasa lililo gumu kwa watu wa kwenu, ambao hamkuzoea kuonekana mkisukuma baiskeli nzima isiyo na pancha. Shuka. Mwendo ukifika ule wa kutembea, shuka utembee. Hutachelewa hata dakika moja, na goti litakushukuru. Mwaka 1910 Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, yalipopandishwa kwa mara ya kwanza kwenye milima mikubwa ya Pirenei, mpakani na Hispania, wale mabingwa hawakuwa na gia za kubadilisha kama za leo. Ziliruhusiwa mwaka 1937. Kwenye mlima wa Tourmalet, ambako barabara inafika mita 2,115, Gustave Garrigou alipanda bila kushuka. Octave Lapize, kwenye mlima huo huo, kuna sehemu alishuka akasukuma. Aliyeshinda mashindano yale ni Lapize.

Ukisukuma, mkono mmoja usukani, mwingine chini ya siti kwa nyuma. Madaftari yafunge mbele ya keria, yaguse siti. Yakikaa mwishoni gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unayumba.

Lori usilishike. Nimesikia na wenzetu wa Burundi, kwenye barabara ya kutoka Bujumbura kupanda Bugarama, wananing'inia hivyo baada ya kushusha ndizi mjini. Nawahurumia, naijua shida inayowafikisha pale. Lakini dereva wa lori hakuoni. Akikwepa shimo kwenye kona, anakwepa kwa upana wake, si kwa wako. Mwalimu, una watoto darasani wanaokusubiri.

Umeniuliza juu ya kupanda tu, na hilo limenitia hofu, maana mlima huu huumiza watu wakati wa kushuka. Breki zako ni zile za vyuma, zinazovuta mipira hadi kwenye rimu kwa ndani. Kila mpira umekaa ndani ya kikombe kidogo cha bati kilichozibwa upande mmoja na kuachwa wazi upande mwingine. Upande uliozibwa lazima uelekee kule rimu inakokimbilia. Ukiwekwa kinyume, rimu inauchomoa mpira kama unavyochomoa kijiti cha kiberiti kwenye kisanduku.

Nilikuwa natoka Magamba kwenda Lushoto na gunia la kabichi, manyunyu yakidondoka. Kabla ya kona nikabana breki ya mbele. Nikaona kitu cheusi kinaruka kupita mguu wangu. Ilikuwa mpira. Ya nyuma, kwenye rimu iliyolowa, haikushika chochote. Nilichagua ngema ya kushoto kwa sababu kulia ni bonde. Mfupa wa bega ulivunjika, na hadi leo siwezi kunyanyua nyundo juu ya kichwa. Vikombe vile nilikuwa nimevifunga mwenyewe, usiku uliopita, kwa mwanga wa koroboi.

Kwa hiyo kila Jumapili tazama vikombe vinne. Mvua ikinyesha, anza kubana kidogo kidogo mapema, rimu ijifute maji, ndipo uitegemee. Mteremko mrefu usibane mfululizo. Bana, achia, ukibadilishana mbele na nyuma, mpira usipate moto. Na kama ukungu umeshuka hadi huoni nguzo ya pili ya umeme, tembea.

SWALI: Fundi, binti yangu ana miaka kumi na moja. Anaendesha baiskeli kubwa ya baba yake kwa kupitisha mguu ndani ya fremu, chini ya bomba, kwa sababu siti haifiki. Anataka kwenda nayo shule. Nimruhusu?
Mama wa watoto wanne, Mlalo

JIBU: Mama, nimefurahi kwamba binti anaendesha, na usimkataze uwanjani. Sote tuliopata baiskeli utotoni tulijifunzia hivyo hivyo. Lakini barabara ya mteremko, bado. Akiwa amepenyeza mguu, mwili wake uko upande mmoja na baiskeli imelalia upande mwingine. Akipata hofu atabana breki moja, ile iliyo karibu na mkono wake, na hana namna ya kuweka mguu chini upande wa pili.

Mwambie baba yake atafute fremu ya kike, isiyo na bomba la juu, ya inchi 24. Hata kuukuu, hata bila rangi. Mkiipata, niletee Soni kabla hajaipanda. Breki nitamfunga bure, na nitamwonyesha mwenyewe vile vikombe vinavyotazama.