Mwanangu, igeuze pete uitazame mgongo

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako na picha za zile pete tatu zimefika, nami nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kutoa fedha. Unashangaa kwamba zote ni pete za uchumba za Kiingereza, zote zina almasi, lakini hazifanani hata kidogo. Na unataka kujua ipi inamfaa mkwe wangu.

Ile iliyozibwa nyuma ni ya zama za wale wafalme wanne walioitwa George, kati ya 1714 na 1830. Sonara wa wakati ule alitandika karatasi nyembamba ya metali chini ya jiwe ili irudishe mwanga wa mshumaa. Ndiyo maana almasi yake ni bapa kwa chini, na juu imevimba kwa pembetatu ndogondogo. Imeshikwa kwa fedha kwa sababu dhahabu ingelitia jiwe umanjano, na platini ilikuwa bado haijazoeleka mezani kwa sonara. Ni kazi ninayoiheshimu mno. Lakini maji yakipenya mle ndani karatasi huwa nyeusi na jiwe hufifia, na mchumba wako ni muuguzi, ananawa mikono kutwa. Iache.

Ya pili, yenye almasi tano zilizopangwa mstari mmoja, ndiyo iliyonikalisha. Zama za Malkia Victoria zilikuwa ndefu, 1837 hadi 1901, na mitindo ilibadilika mara nyingi. Yeye mwenyewe alivishwa na Albert, mumewe mtarajiwa, pete ya uchumba ya nyoka mwenye zumaridi, kwa kuwa nyoka kwao alikuwa ishara ya mapenzi yasiyokwisha. (Kwetu angerudishiwa posa.) Albert alipofariki mwaka 1861, vito vya majonzi vikashika soko, hasa lile jiwe jeusi la Whitby, mji wa pwani ya Uingereza. Kisha almasi zikaonekana Afrika Kusini mwaka 1867, machimbo ya Kimberley yakafuata, na kile ambacho India na Brazili zilikuwa zikitoa kwa uchache kikaanza kupatikana kwa wingi. Hapo ndipo watu wa kipato cha kati walipoanza kuvaa pete za almasi tupu kama hii.

Umesema ndani umesoma namba 15. Hiyo ni dhahabu ya karati 15, iliyoruhusiwa Uingereza kuanzia 1854 hadi 1932 tu, basi umri wake haupo nje ya hapo. Tafuta pia nanga, ambayo ni alama ya Birmingham, au kichwa cha chui, cha London. Kando yake huwa kuna herufi ya mwaka. Niandikie na umbo la fremu yake. Usishtuke ikiwa imefutika, kwani pete iliyokatwa ili ipunguzwe mara nyingi hupoteza mhuri.

Ya tatu, yenye mistari iliyonyooka, platini na vipande vya yakuti samawi, ni ya miaka ya 1920 au 1930. Nzuri, sikatai. Ila tangu Verneuil, mkemia Mfaransa, atangaze mwaka 1902 njia yake ya kutengeneza yakuti kwa moto, yakuti za kutengenezwa zilitumika waziwazi hata kwenye kazi bora, kwa hiyo muuzaji asikutoze bei ya jiwe la ardhini bila kulichunguza. Chini ya lenzi, mistari ya ndani ikipinda, jiwe limetoka tanuruni.

Mimi nachagua ya pili. Nyuma iko wazi, inasafishika, na imelala chini kwenye kidole, haitachana glavu zake. Kabla hujalipa, mwombe sonara mwingine, asiye wa duka hilo, azikague kucha zinazoshika kila jiwe. Zikiwa zimelika, gharama ya kuzijenga upya itolewe kwenye bei. Kipimo cha kidole chukua jioni, maana asubuhi kwenye baridi ya huko vidole husinyaa.

Msalimie sana mkwe wangu.

Baba yako